Mbuzi Aliyerudi Kwenye Kahawa Yako

Papa yangu mpendwa,

Mbuzi wako mweusi, yule uliyempa jina la Madamu, nilimuuza. Nilimuuza Mbarara ukiwa bado hai, na ulipoulizia habari zake nikakudanganya ukiwa kitandani. Naanza na hilo kwa sababu yote yaliyofuata yalitokana na hilo, na kwa sababu watu wa hapa kambini Nakivale wamekwisha kuyasimulia kwa namna zao, kila mmoja na chumvi yake. Ndiyo maana naiandika barua hii wazi, asome anayetaka. Lakini nazungumza na wewe.

Unakumbuka siku ulipoleta ile miche ya kahawa? Nilikuwa na miaka kumi na minne. Ulishuka kwenye pikipiki kutoka Kabingo umeikumbatia ndani ya gunia bichi, maji ya matope yanakutiririka kifuani, na uso wako unacheka kama mtu aliyetoka kuposa. Jirani yetu, Mzee Diomede, alisimama mpakani mwa shamba lake, ameegemea jembe. Yeye ni Mrundi, na kule kwao alizaliwa ndani ya kahawa kama wewe ulivyozaliwa ndani ya kahawa kule kwetu Kalehe, kwa hiyo alijua anachokisema.

"Mukimbizi anapanda maharage," alikwambia. "Iyo kaawa utaivuna ukiwa wapi?"

Ukamjibu, "Mti hauulizi karatasi, jirani."

Alicheka. Mwaka uliofuata alipanda na yeye, akaja kukuuliza umeacha hatua ngapi kati ya shina na shina.

Ulituambia kwamba kahawa ya kwetu milimani ni nyingine, ya baridi, na hii ya huku ni ya joto, lakini zote mbili zinakula mavi ya mbuzi. Ndiyo sababu ya Madamu. Ulimleta akiwa mdogo, ndani ya koti lako, kichwa kimetokeza kwenye kifungo cha juu. Ukampa jina hilo kwa kuwa alitembea kama mke wa mkurugenzi wa shule, kwato zake hazitaki vumbi. Ukamjengea zizi la juu, sakafu ya vijiti vyenye nafasi, mavi yaanguke chini. Mimi na mdogo wangu Bahati tukawa tunayazoa kila Jumamosi na kuyapeleka kwenye mashina, na Jumatatu darasani hakuna aliyetaka kukaa karibu nami. Pembeni mwa matuta ulipanda majani marefu ya kuwakatia mbuzi, na majani hayo hayo yakauzuia udongo usiende ziwani mvua ikinyesha.

"Kahawa ni nyumba, mbuzi ni chumvi," ulipenda kusema. Nilipokuwa mdogo sikukuelewa. Nilikuelewa chakula cha msaada kilipopunguzwa, halafu kikapunguzwa tena, na majirani wakaanza kufunga virago kwenda kusikojulikana. Kahawa inasubiriwa. Inajenga ukuta, inaezeka bati, lakini haiwezi kukununulia sabuni mwezi ambao haina tunda. Miezi hiyo alikuwepo mwana wa Madamu wa kupeleka sokoni. Na mbuzi wasingekuwa na maana bila kahawa, kwa sababu mbuzi mtupu unamla akaisha. Ulivifunga vitu hivyo viwili kimoja kwa kingine kama miti ya kitanda, na sisi tukakaa juu yake bila kujua kwamba tumekaa juu ya kitu.

Halafu figo zako zikachoka.

Nilikuwa nimepanga chumba Nyamityobora, pale pale Mbarara, nashona nguo za shule na mashuka, kwa hiyo ilikuwa rahisi kwangu kuja kulala nawe hospitali. Dawa moja haikupatikana pale ndani, ilibidi inunuliwe nje. Nikampigia Bahati simu, nikamwambia alete mbuzi mwenye mwili, upesi, wala asimwambie Mama ni kwa nini. Alimleta Madamu kwenye lori la ndizi. Nilipomwona nilijua kwamba nimekosea, lakini sikumrudisha.

Aliyemnunua ni mwanajeshi anayekaa nje kidogo ya kambi ya jeshi ya Makenke, mtu mpole wa makamo. Alimfungua mdomo, akamtazama meno, akasema, akiniita bibi kwa lugha ya huku, "Mimi sitaki ya kuchinja, nyabo. Nataka ya kuzaa." Maneno hayo yalinipa nafuu. Nikamwomba namba yake ya simu, nikijidanganya kwamba siku moja nitamrudia kumnunua.

Jioni ile ulifumbua macho.

"Riziki. Madamu iko fasi gani?"

"Iko nyumbani, Papa. Inakula majani."

Ulinitazama muda mrefu. Hukuwa na hasira. Ulisema tu, "Basi itaniona nikirudia," ukageukia ukutani. Siku ya tatu yake, saa sita mchana, ulikata roho nimekushika mguu.

Tulikuzika hapa, upande wa juu, unapoonekana utepe wa ziwa. Mzee Diomede alichimba kaburi pamoja na vijana na hakutaka kupokezana na mtu. Siku ya tatu baada ya maziko, saa sita mchana tena, nilikuwa jikoni na Mama tunatoa maganda ya maharage. Mbuzi zizini walikuwa wanalia kama kawaida yao wakiona jua limepanda. Ghafla wakanyamaza wote. Papa, hujawahi kusikia zizi likinyamaza namna ile. Hata Mama aliinua kichwa.

Nikatoka. Madamu alikuwa amesimama katikati ya kahawa.

Sikio la kushoto limechanika pale mbwa alipomng'ata. Ncha ya pembe imevunjika. Doa jeupe chini ya goti. Hakuwa na kamba shingoni. Asubuhi ile mvua ilikuwa imenyesha, njia nzima ya kutoka Kabingo ilikuwa tope, na kwato zake zilikuwa kavu.

Mama alitoka nyuma yangu akifuta mikono. Hakujua lolote kuhusu mauzo, alidhani Bahati alimpeleka kwa dume la rafiki yake. "Ah, amerudia," alisema, akarudi kwenye maharage yake.

Mimi nilikwenda nyuma ya nyumba nikampigia yule mwanajeshi. Nilitaka kumwomba radhi kwamba mbuzi wake ametoroka, kwamba nitamrudisha.

"Nani amedanganya wewe?" aliniuliza. "Mbuzi iko hapa, nyabo. Mimi naona hiyo kwa macho yangu. Inakula maganda ya ndizi."

Kesho yake nilipanda gari hadi Mbarara, nikafika Makenke. Alinipeleka uani kwake. Madamu alikuwa amefungwa kwenye mti wa parachichi. Sikio, pembe, doa. Nikamwita jina lake, akainua kichwa, akalia ule mlio wake wa puani. Nilimshika sikio lililochanika na lilikuwa na joto. Nikampiga picha kwa simu, afande akicheka kwamba wakimbizi wanapenda mbuzi kuliko watu. Nilirudi nyumbani siku hiyo hiyo kabla jua halijazama, nikaenda moja kwa moja zizini, nikamshika yule mwingine sikio. Joto lile lile.

Nilimwonyesha Mama picha.

"Ulipiga hii lini?" aliuliza. "Na hii parachichi iko wapi hapa kwetu?"

Ndipo nikamwambia yote. Hakunikemea. Alikaa, akaitazama picha mpaka kioo cha simu kikazimika chenyewe, kisha akasema, "Usimwambie mutu bado." Lakini Bahati alijua, kwa sababu ndiye aliyemshusha kwenye lori kwa mikono yake, na hofu ya Bahati haikuweza kukaa ndani ya nyumba. Baada ya juma moja kila mtu alijua.

Hakuna aliyethubutu kumfunga. Kila siku, jua likifika katikati, alishuka zizini, wengine wakanyamaza, akapita katikati ya mistari ya kahawa polepole, kama wewe ulivyokuwa ukipita mikono nyuma. Akafika kwenye mti mmoja akasimama. Hakula jani. Aliuangalia tu mti ule, pua karibu na shina, mpaka kivuli kiliposogea, kisha akarudi. Siku nyingine alipita mistari yote na kurudi bila kusimama. Lakini kila mti aliosimama mbele yake, Papa, baada ya siku chache majani yake yaligeuka manjano, yakalegea kama nguo iliyoloa, yakaanguka. Matunda yakaiva kabla ya wakati wake, mekundu juu ya matawi makavu. Ulikufa mti wa kwanza. Ukafa wa pili, mstari mwingine kabisa. Ukafa wa tatu.

Watu waliacha kupita njia ya chini. Mama mmoja wa kanisani alitushauri tuwaite wazee waombee shamba. Mzee Diomede alikuja akasimama pale pale mpakani.

"Riziki, mwanangu," alisema, "baba yako alikuwa mutu wangu. Iyo mbuzi aikutoka kwake. Muichinje, na nyama musiile."

Bahati alikubaliana naye. Mchana mmoja nilisikia Mama ananiita kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia. Nikakimbia. Bahati alikuwa kwenye mstari wa nne na kisu kirefu na kamba. Madamu amesimama mbele ya mti uliokuwa mzuri kuliko yote, ule uliouita mti wa mahari yangu, wa kijani mpaka chini. Hakukimbia. Hakumtazama hata Bahati.

"Anatumalizia kahawa ya Papa!" Bahati alipiga kelele. "Mama, toka!"

Mama alimpita kama anavyopita mtu aliyesimama mlangoni. Akamnyang'anya kisu. Nilidhani atamchinja mwenyewe. Badala yake aliinama, akakwangua gome la mti karibu na ardhi. Chini ya gome mti ulitakiwa kuwa mweupe. Ulikuwa mweusi wa bluu, kama mtu aliyemwaga wino ndani.

"Angalia," alisema. "Majani iko nzuri, lakini huku ndani mti imeshakufa. Haiko naroga. Iko naonyesha."

Bahati alikaa chini kwenye udongo akalia. Nadhani alikulilia wewe siku hiyo, maana kaburini hakulia.

Mtaalamu wa kilimo alikuja kutoka Kabingo, akakwangua yeye pia, akasema ni ugonjwa wa mnyauko, na kwamba dawa yake ni moja tu. Mti uliougua ung'olewe na mizizi, uchomwe pale pale ulipokuwa, usiburutwe kati ya mingine, na kisu kilichougusa kipitishwe motoni. Aliuangalia ule mti wa mahari, bado wa kijani, akatuuliza tulijuaje. Bahati akasema tumebahatisha. Mama ndiye aliyemwambia kwamba ni mbuzi. Mtaalamu akasema pengine mbuzi hunusa utomvu ukibadilika, wanyama wanajua mengi. Aliyasema hayo akimtazama Madamu, na niliona kwamba aliondoka kabla ya saa sita ingawa tulikuwa tumempikia.

Tangu siku hiyo tulimfuata. Aliposimama, tulikwangua. Palipokuwa na wino, tuling'oa na kuchoma, na moshi wa kahawa mbichi ukakaa juu ya nyumba juma zima. Hakukosea hata mara moja. Siku moja alivuka mpaka akasimama katika kahawa ya Mzee Diomede. Nikaenda kumwambia, nikamsihi akwangue. Alimfukuza Madamu kwa mawe, akaniambia mimi ni msichana niliyesoma, nisimletee mambo ya giza. Alirudi Madamu kesho yake, na keshokutwa, mti ule ule, na Mzee akamrushia mawe tena. Siku ya nne Madamu hakwenda.

Kabla ya msimu kuisha, shamba la Mzee Diomede lilikuwa kama ufagio uliosimamishwa. Alikuwa akikata matawi makavu kwa panga lile lile, mti hadi mti, akidhani anaiokoa. Tulimpelekea mbuzi jike mwenye mimba, uzao wa Madamu. Nilidhani atakataa. Alimpokea kwa mikono miwili, akasema, "Baba yako angenicheka." Nikamwambia hapana, usingemcheka. Nadhani nilisema kweli.

Mavuno yetu yalikuwa madogo kuliko ya mwaka wako wa mwisho, lakini yalikuwepo. Tulianika kwenye turubai mbele ya nyumba. Mnunuzi wa Kabingo alipokea kiboko chetu, kahawa kavu na maganda yake kama wanavyoiita huku, akaiuma punje moja, akaniuliza aliyeilima yuko wapi. Nilimwambia yuko nyumbani. Huo haukuwa uongo.

Sasa nakuambia jambo ambalo limenifanya niandike.

Ilikuwa mchana, Mama amekaa mkekani uani anachambua kahawa ya mwisho, mimi nafagia. Mbuzi wakanyamaza. Nikatazama shambani kumwona Madamu amesimama wapi, sikumwona. Nilipogeuka alikuwa uani. Amepita jikoni, amepita turubai bila kugusa punje, akaja akasimama kando ya Mama, pua yake karibu na bega lake la kulia.

Ufagio uliniponyoka. Bahati aliyekuwa mlangoni hakuweza kusogea. Mama aliendelea kuchambua, nyekundu huku, nyeusi kule.

"Munaniangalia nini?" alisema. "Mimi siko kahawa."

Kivuli kilisogea, Madamu akaondoka. Ndipo Mama akaweka ungo chini, akanishika mkono, akaupitisha ndani ya blauzi yake, kwenye titi la kulia, upande wa kwapa. Kulikuwa na kitu kigumu, kama punje.

"Tangu tulipomuzika papa yako," alisema. "Nilisema munamzika mumoja, inatosha kwanza."

Papa, kesho yake alfajiri tulikuwa njiani. Safari hii sikuficha kitu. Kila nilichouza nilimwambia Mama kabla ya kukiuza. Zilikwenda fedha zote za kahawa ya msimu, na mabeberu wawili, na cherehani yangu ya pili. Nyumba ilitoa na chumvi ikatoa, kama ulivyopanga, na vikatosha. Alipouliza, "Daktari amesema nini?" nilimwambia daktari amesema nini, neno kwa neno, hata neno nililoliogopa. Akasema, "Vizuri. Sasa ninajua fasi niko." Wakalikata titi lile. Daktari alisema tumewahi, na kwamba wengi huja ikiwa imeshachelewa. Akauliza nani aliugundua uvimbe. Nikasema ni Mama mwenyewe.

Nikiwa pale, kwenye benchi la nje, simu ililia. Alikuwa yule afande wa Makenke.

"Pole, nyabo," alisema. "Mbuzi yako ile imekufa. Haikuwa mgonjwa. Imeanguka tu, mchana, ikiwa inakula."

Nilimshukuru kwa kunijulisha. Sikuuliza siku gani. Niliporudi Nakivale kuchukua nguo za Mama, nilimkuta Madamu zizini, mzima, anacheua, akanitazama kwa yale macho yake ya mstari. Nilimwekea majani.

Hujui ni mara ngapi nimetaka kuuliza ni nani anayekaa katika zizi lako. Mchungaji ana jibu lake, Bahati ana lake, na Mama hataki lisemwe mbele yake. Mimi sina. Ninachojua ni kwamba hanitishi kama alivyokuwa akinitisha, na kwamba bado siwezi kumpa kisogo.

Mama amerudi. Amekonda, nywele zimenyonyoka kwa dawa, anagombana na kuku. Nimeacha kile chumba cha Nyamityobora na kuileta huku cherehani iliyobaki, nashona asubuhi na kukata majani jioni. Pale tulipochoma hatujapanda kahawa, tumeambiwa tungoje, kwa hiyo tumeweka majani ya mbuzi. Bahati amepata miche mipya ya aina inayovumilia mnyauko, na ameianza upande wa mashariki kwa hatua zako zile zile, ingawa miguu yake ni mirefu na mistari imeachana kidogo. Utamsamehe.

Nisamehe na mimi. Ulikuwa na haki ya kuambiwa, na nilikunyima.

Kila siku jua likikaribia katikati naacha kazi, natoka nje, nahesabu nani yuko wapi. Mama mkekani, Bahati kwenye miche. Leo Madamu alishuka, wenzake wakanyamaza, akapita uani, akapita kahawa yote mstari kwa mstari, akarudi kivulini akalala. Hakusimama mahali popote. Ndiyo habari ya kwetu ya leo, Papa, na ni njema.

Pumzika.

Mimi binti yako wa kwanza,
Riziki